Kuuza Hewa ya Malisho



Kijana mmoja wa Kondoa ametuuliza: je, yafaa kijiji chao kiyafunge malisho ili miti imee, kisha kiuze hewa ukaa inayofyonzwa na miti hiyo? Babu yake hataki hata kulisikia neno hilo, naye kijana amwona mkaidi.

Sisi hatumwoni hivyo. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo yote ikaamrishwa kutoka katika vilima vya Irangi vilivyoliwa na makorongo, eneo la kilomita za mraba 1,256 hivi. Majani yalirudi na miti ikarudi, hilo halina shaka. Lakini mwenye ng'ombe aliamka hana maziwa ya watoto, na ng'ombe wa kulishwa zizini hawakuletwa ila baada ya miaka kama kumi. Aliyeyaona hayo ana haki ya kuuliza.

Leo iko njia nyepesi zaidi, nayo huitwa Kisiki Hai. Tangu 2018 imeenezwa mkoani Dodoma na LEAD Foundation pamoja na Justdiggit la Uholanzi. Mti uliokatwa zamani mizizi yake ingali hai ardhini. Mtu huchagua machipukizi mawili matatu yenye nguvu, huyapogolea, huyafunga kitambaa yajulikane, na kuyalinda na meno ya mbuzi. Hanunui mche wala hateki maji, na katika nchi yenye mvua chache, huo si wepesi mdogo.

Amma biashara yenyewe, hati moja ya kaboni ni tani moja ya hewa ukaa. Wahadzabe wa Bonde la Yaeda wamekwisha kulipwa kwa kuulinda msitu wao. Ila malisho makavu hukua polepole, tani zake ni chache, na mkataba huwafunga hata wasiozaliwa. Nani amepima? Fedha italipwa lini, na mikononi mwa nani? Mwaka wa ukame ng'ombe watapita wapi? Pasipo majibu pana gharari, na kuuza kisichojulikana kumekatazwa. Aya ya deni katika Suratul Baqara yatuamrisha kuandikiana. Basi na uandikwe kwa Kiswahili, usomwe kwa sauti mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, wachungaji na wanawake wenye kuokota kuni wakiwapo. Kwa sheria ya 1999, halmashauri huisimamia tu ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji.

Na kabla ya mkutano huo, kijana amsomee babu yake waraka wote, ukurasa kwa ukurasa.