Mombasa Ilipokosa Nafasi ya Kuwa Mombasa

Suala la nani atakayevaa suti ya James Bond baada ya Daniel Craig limewashughulisha watu wengi kuliko masuala kadha wa kadha yaliyo mazito zaidi, na sisi wakazi wa Mkomani hatukubaki nyuma. Tangu Craig alipoiaga kazi hiyo mwaka 2021 katika filamu ya No Time to Die, vijana wa mtaa huu wamekuwa wakigawana majina ya waigizaji kama wanavyogawana timu za Uingereza siku ya Jumamosi. Wako wanaomshikilia Idris Elba. Wako wa Regé-Jean Page, kwa hoja kwamba alilelewa Harare na kwa hivyo ni mwenzetu. Wako wa Henry Cavill, wa Aaron Taylor-Johnson na wa Tom Hardy. Na wako wazee ambao kwao Bond alikwisha na Sean Connery, na hao hawajadiliani na mtu.

Siudharau mjadala huu. Anayeudharau hajui sinema ilivyokuwa katika mji huu, zama za Regal, Naaz na Majestic, na baadaye katika mabanda ya video ambamo DJ Afro aliwapa majasusi wa Kizungu Kiswahili cha mitaani hata wakawa kama jirani zetu. Banda la video lilikuwa na sheria yake moja kubwa, nayo ni kwamba "steringi hafi". Craig aliivunja. Katika filamu yake ya mwisho Bond alifikwa na makombora kisiwani, akafa waziwazi mbele ya watazamaji. Kwa hivyo wanaotafuta mrithi wana kazi ya ziada ya kumfufua maiti, na hata Denis Villeneuve alipotangazwa Juni 2025 kuwa mwongozaji wa filamu inayofuata, jina la mwigizaji halikutajwa pamoja na lake.

Katika majina yote hayo, la Elba ndilo linalowasha moto. Mwishoni mwa mwaka 2014 barua pepe za kampuni ya Sony zilipofichuliwa na wadukuzi, ilibainika kwamba mmoja wa wakuu wake alikuwa amependekeza Elba awe Bond. Zikafuata kelele, nyingine za furaha na nyingine za chuki tupu, hata mwenyewe akaeleza mwaka 2023 kwamba zogo hilo la rangi lilimtoa hamu. Vijana wetu hulichukulia jambo hili kama dhuluma. Wanauliza, je, mtu aliyeweza kuwa Mandela kwenye skrini mwaka 2013 atashindwaje kuwa mtumishi wa serikali ya Uingereza?

Hapo ndipo ninapoachana nao. Hakuna anayetilia shaka uwezo wa Elba. Tatizo langu liko katika kazi yenyewe. Kitabu cha kwanza cha Ian Fleming juu ya Bond, Casino Royale, kilitoka London tarehe 13 Aprili 1953. Siku tano kabla yake, tarehe 8 Aprili, mahakama ya Kapenguria ilikuwa imemhukumu Jomo Kenyatta kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu. Serikali iliyompa Bond ruhusa ya kuua ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa imetangaza hali ya hatari nchini mwetu Oktoba 1952. Bond alizaliwa kuilinda himaya iliyokuwa ikitukalia. Kumpaka rangi yetu leo na kuiita haki ni sawa na kumshangilia mtoto wetu kwa kuajiriwa ubawabu katika nyumba ambayo babu yake alifukuzwa mlangoni.

Mwenzangu mmoja hunijibu kwamba Mkenya amekwisha kuajiriwa huko. Ni kweli. Katika filamu ya The 355 ya mwaka 2022, Lupita Nyong'o aliigiza jasusi wa Uingereza, tena aitwaye Khadijah, jina ambalo ukiliita kwa sauti hapa Mkomani madirisha matatu yatafunguka. Nilimfurahia Lupita kama kawaida. Ila sikuona kwamba tulipungukiwa wala kwamba tuliongezewa.

Mahali tulipopungukiwa hasa ni pengine, na ajabu ni kwamba hapajadiliwi. Mwaka 2010 Christopher Nolan alitoa filamu ya Inception, na sehemu yake moja inatokea Mombasa. Tom Hardy, huyo huyo anayepigiwa chapuo, ndiye anayekutwa humo. Kuna vichochoro, kuna soko, kuna mbio za kukata roho. Lakini tukitazama kwa makini tunaona hakuna hata jiwe moja la Mvita, kwa sababu picha hizo zilipigwa Tangier, Moroko. Ukisimama ukingoni mwa maji upande wetu huu unauona Mji wa Kale ng'ambo, na kuta zake na vichochoro vyake halisi. Mji huo ulitafutiwa mwigizaji! Tunagombana juu ya nani apewe nafasi ya Bond, ilhali Mombasa yenyewe haikupewa nafasi ya kuwa Mombasa.

Wala hatukuwa peke yetu. Katika Casino Royale ya mwaka 2006, Mbale ya Uganda ilikuwa msitu wa Uingereza, nayo Madagaska, au Bukini kama walivyoiita wazee wetu, ilikuwa Bahamas. Mwigizaji mmoja akikosa nafasi, amekosa mtu mmoja na jamaa zake. Mji ukikosa, wamekosa seremala, washonaji, wapishi, madereva, manahodha na vijana mia wa kukimbia sokoni.

Moroko haikupata bahati ya mtende. Bond mwenyewe alipigiwa picha huko kwa filamu ya mwaka 1987 na tena kwa ile ya mwaka 2015, na nchi hiyo huwarejeshea watengenezaji wa filamu sehemu ya gharama zao. Sisi tulirithi Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, iliyotungwa mwaka 1962 bendera ya Uingereza ikiwa bado yapepea, na kwa miaka mingi aliyeleta kamera alipokewa kwanza kwa leseni na maswali. Kwamba tunaweza, tulionyesha. The Constant Gardener ilipigwa picha Kibera na Loiyangalani, ikatoka mwaka 2005, na humo alikuwamo Ralph Fiennes ambaye baadaye amekuwa mkubwa wa kazi wa Bond. Waliokuja kuitengeneza waliacha nyuma mfuko wa kusaidia wenyeji. Naomba kaunti yetu na wizara zisome hesabu hiyo, si majina ya waigizaji.

Na kama ni lazima tugombanie jasusi, basi tunaye wetu. Elvis Musiba wa Tanzania, aliyefariki mwaka 2010, alituachia Willy Gamba katika Kufa na Kupona, Kikosi cha Kisasi, Njama na Hofu. Huyu adui zake walikuwa makaburu na vibaraka wao, na kazi yake ilikuwa kuwalinda wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Anavaa vizuri, anapenda anasa, ana makosa yake kwa wanawake, na hapo hatofautiani na yule wa London. Tofauti ni nani anayemtuma. Mimi sijapata kumwona katika skrini, ingawa nimesikia vijana wakisimuliana visa vyake kana kwamba wamemtazama jana.

Nilipoliuliza swali hili mtaani, nani awe Willy Gamba, palizuka zogo kubwa kuliko la Bond, na bado halijatulia. Majina nayapokea. Sharti langu ni moja: asiwe mtu wa kusubiri tafsiri ndipo aitikie salamu.