BUSTANI YA NYUMBANI: Maua yasiyosumbua

Ukurasa huu umezoea kuongea mambo ya lengalenga, matembele na sombe. Mwezi huu tunaomba ruhusa tuongee juu ya kitu ambacho hakiingii sufuriani. Tunaongea juu ya maua.

Tunajua wengine wameshaguna. "Maua? Chakula chenyewe hakitoshi, sasa tupande maua?" Swali hilo ni la haki. Tangu mgao ulipopunguzwa mwaka 2023, kila mtu amejifunza kuangalia kipande chake cha ardhi kwa jicho la tumbo. Basi tujibu swali hilo kwanza, halafu tuendelee.

Jibu ni hili: mboga mbele, maua nyuma. Using'oe hata shina moja la mchicha ili upande ua. Lakini kila nyumba ina mahali ambapo mboga haiwezi kukaa. Kuna pembe ya mlango inayokanyagwa na kuku. Kuna ukingo wa mfereji unaotoa maji ya bafu, mahali ambapo si vizuri kuvuna majani ya kula. Kuna kopo tupu lililotupwa nyuma ya nyumba. Mahali pale ndipo pa maua.

Tena maua yanaita nyuki. Boga lina ua dume na ua jike, na nyuki ndiye anayebeba unga kutoka moja kwenda lingine. Nyuki wasipokuja, kiboga kinafikia ukubwa wa yai, kinageuka njano, kinaoza na kuanguka. Wengi husema ni uchawi au ni udongo mbaya. Mara nyingi ni nyuki tu hawakupita. Panda maua karibu na maboga na matango, utaona tofauti.

"Sisi ni wapita njia"

Kuna neno lingine tunalolisikia, na hili ni zito zaidi. "Nipande maua ya nini? Hapa si kwetu. Kesho tunaondoka."

Ndugu zetu, kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Mtoto aliyezaliwa hapa mwaka ule leo ni mzazi, naye ana watoto. Wapo waliorudi nyumbani, wapo waliopata safari ya mbali, na wapo tuliobaki. Hakuna anayejua siku yake. Kupanda ua si kusema kwamba umesahau kwenu. Mtoto wako anakua leo, hakungoji ufike kwenu ndipo aanze kukua. Akikumbuka utoto wake, afadhali akumbuke na mlango uliokuwa na rangi.

Na hayo maua yenyewe, si ni wageni pia? Zinia na merigoldi asili yao ni Meksiko. Vinka ilitoka kisiwa cha Madagaska. Bogenvilia ni ya Amerika ya Kusini. Hata muhogo wetu tunaoujivunia ulivuka bahari kutoka Amerika na Wareno miaka ya 1500. Yote yalifika mahali pageni, yakashika udongo, yakatoa ua. Leo hakuna anayeyauliza yametoka wapi.

Maswali manne kabla ya kuchagua

Usipande ua kwa sababu umeliona zuri kwa jirani. Jiulize kwanza:

1. Je, litaishi bila kuongezewa maji safi?
2. Je, nitalipata bila pesa, kwa mbegu au kwa kipande cha tawi?
3. Je, mtoto akilitia mdomoni kutakuwa na hatari?
4. Je, mahali nilipo nalo pana jua la kutosha? Maua mengi yanataka jua la saa sita kwa siku au zaidi.

Ua likishinda maswali haya, ndilo ua lisilosumbua.

Maua sita ya kuanzia

Zinia. Hili ni la watoto. Mbegu unazifukia chini kidogo tu, kama nusu ya ukucha, na ndani ya wiki moja zimeota. Baada ya miezi miwili hivi unaona maua mekundu, ya njano, ya zambarau. Kila unapokata ua, shina linatoa mengine. Ukilimwagilia, mwaga chini kwenye udongo, si juu ya majani. Majani ya zinia yakilala na maji yanapata magonjwa kwa urahisi.

Merigoldi. Ni jamaa wa ile bangi pori ya shambani, harufu yao inakaribiana. Mizizi yake inatoa kitu kinachopunguza minyoo midogo ya udongo, ile inayofanya mizizi ya nyanya ivimbe vifundo. Lakini usidanganyike kwamba shina moja linatosha. Ipande kwa wingi sehemu moja kwa msimu mzima, halafu nyanya zifuate hapo hapo.

Portulaka. Ni lile ua la chini lenye majani manene yaliyojaa maji, linalofunguka jua likiwaka na kufunga jioni. Majina yake ni mengi, kila mtaa na lake. Vunja kitawi chenye urefu wa kidole, kichomeke kwenye udongo wenye mchanga, basi. Maji mengi ndiyo yanayoliua, si ukame.

Vinka. Ina petali tano, nyeupe au za waridi, na mara nyingi kitovu chenye rangi nyingine. Inavumilia jua na udongo mbaya, inatoa maua karibu mwaka mzima. Angalia lakini: ina sumu ikiliwa. Ni kweli kwamba kutoka kwenye mmea huu zinatengenezwa dawa za hospitali za kutibu saratani, pamoja na saratani ya damu ya watoto. Lakini dawa hizo zinatengenezwa kiwandani kwa kipimo kidogo sana. Mtu akikuambia uchemshe majani yake unywe, mkatalie.

Kana. Ina majani mapana kama mgomba mdogo na maua mekundu au ya njano. Hii inapenda maji, kwa hiyo ipande pale maji yanapotoka bafuni. Unapanda kipande cha tunguu lake chenye jicho. Itakunywa yale maji yanayofanya matope.

Bogenvilia. Hii ni ya ukingo wa uwanja, si ya mlangoni, kwa sababu ina miiba. Kata tawi lililokomaa, nene kama kalamu, refu kama shubiri, ulipande kama unavyopanda pingili ya muhogo. Uwe na subira, kwa maana inaweza kuchukua wiki sita au nane kushika. Ikishashika, ukame haiuogopi. Na kile tunachokiita petali ni majani yenye rangi. Ua lenyewe ni kale kadogo keupe katikati. Waonyeshe watoto, watashangaa.

Na yule asiyetaka kabisa kitu kisichoingia sufuriani, apande alizeti au ngaingai. Alizeti inatoa ua kubwa na mbegu za kula. Ngaingai nyekundu, wengine hapa wanaiita choya, majani yake ni mboga, na vikombe vyake vyekundu vinachemshwa kuwa kinywaji. Hapo macho yameshiba na tumbo pia.

Maji anayabeba nani?

Hapa tuseme ukweli. Viwango vya kimataifa vya misaada vinasema mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku, za kunywa, kupika, kuoga na kufua. Katika hesabu hiyo maua hayamo. Na tunajua nani anasimama foleni bombani na bidoni: ni mama, na mara nyingi ni binti. Baba ukitaka maua, usimwongezee binti safari ya bomba. Ua linalomtoa mtoto shuleni si ua, ni mwiba.

Maua haya yaishi kwa maji yaliyokwisha kufanya kazi. Maji ya kuoshea mboga na ya kusuuzia vyombo yanafaa. Maji ya sabuni kidogo yanafaa pia, ila badilisha mahali unapoyamwaga, leo hapa, kesho pale. Maji yenye klorini kali au mafuta mengi usiyamwage kwenye mimea. Mwagilia jioni au asubuhi mapema. Mvua zikianza, kwa kawaida mwezi wa kumi au wa kumi na moja, ndipo upande. Mvua zikiisha mwezi wa tano, mimea yako itakuwa imeshashika mizizi. Funika udongo kwa majani makavu ili unyevu usitoroke.

Makopo na mbu

Kopo la mafuta, bidoni iliyopasuka, beseni lililotoboka, vyote ni vyungu vizuri. Toboa matundu manne au matano chini. Weka kokoto kidogo, halafu udongo mwekundu sehemu mbili na mboji sehemu moja. Samadi ya mbuzi au ya kuku iwe imekaa miezi kadhaa mpaka haina joto wala harufu kali, vinginevyo inaunguza mizizi.

Matundu hayo si mapambo. Kopo lisilo na tundu linashika maji, na maji yaliyosimama ni kitalu cha mbu. Kuanzia yai mpaka mbu anayeruka, siku saba mpaka kumi na nne zinatosha. Kwa hiyo kila Jumamosi zunguka nyumba, mwaga maji yote yaliyosimama. Ua zuri mlangoni na mtoto mwenye malaria ndani, hiyo haina maana.

Usipande pia kwa kugusa ukuta. Nyumba nyingi ni za matofali mabichi, na ukuta unaomwagiliwa kila siku unamomonyoka. Acha hatua moja. Na kichaka kinene kisikae karibu na mlango, maana nyoka anapenda kivuli kama sisi.

Haya usipande penye watoto

Kwanza, mnanaha, ule wenye ua kama tarumbeta na tunda lenye miiba. Mbegu zake zina sumu kali, zinamtia mtu wazimu na zinaweza kuua. Ukiuona umejiotea, ung'oe, unawe mikono.

Pili, mbono, ule unaotoa mbegu zenye madoa. Mbegu hizo zinavutia kama shanga, na mtoto akizitafuna ni hatari kubwa.

Tatu, minyaa. Wengi wanaitumia kwa uzio, na uzio wake ni mzuri. Lakini maziwa yake yakiingia jichoni yanaweza kulijeruhi vibaya. Ukiikata, geuza uso, usimwachie mtoto kazi hiyo. Likitokea, osha jicho kwa maji safi mengi papo hapo, halafu kimbilia kituo cha afya.

Mtoto akila mmea usioujua, mpeleke kituoni haraka, na ubebe tawi la mmea huo ili mganga auone.

Kiberiti kimoja cha mbegu

Acha maua machache ya zinia na merigoldi yakauke kabisa kwenye shina. Yakate siku ya jua, yaanike kivulini siku kadhaa, chambua mbegu, zitie kwenye karatasi au kiboksi cha kiberiti, andika jina na mwezi. Weka mahali pakavu. Hapo una bustani nzima mfukoni, na haijakugharimu kitu.

Anayepata safari ya nchi ya mbali, kama Australia au Kanada, asifiche mbegu kwenye mzigo. Nchi hizo zinakataza mbegu zisizo na cheti cha afya ya mimea, na Australia wanatoza faini kali. Anayerudi nyumbani naye aulize kwanza ofisini. Njia nzuri kuliko zote: kabla hujaondoka, mpe jirani nusu ya kiberiti chako, umwambie ni ya nani. Watu wanaondoka, lakini mlango wa jirani unaendelea kuchanua, na watoto wanasema, "Hili ni ua la Mama Fulani."

Kazi ya mwezi huu ni ndogo. Kila nyumba itafute kopo moja, ilitoboe, iombe kitawi au mbegu kwa jirani. Kama hamzungumzi na jirani huyo tangu ule ugomvi wa foleni ya bomba, ndiyo nafasi. Ni vigumu kumnunia mtu aliyekuja kukuomba ua.

Mwezi ujao tutaongea juu ya mboji: jinsi ya kuigeuza takataka ya jikoni iwe udongo mweusi ndani ya miezi mitatu. Mpaka hapo, mbaki salama na familia zenu.