Mastaa wanamlilia Hachi, mbwa wao wako kwenye mnyororo

Jamani, hii tabia imezidi sasa. Kuna staa mmoja wa mjini, jina kapuni, ambaye kila mwenye simu ameshamwona analia. Sio kaachwa, sio kafiwa. Kamaliza kutazama Hachi: A Dog's Tale, ile filamu ya Richard Gere ya mwaka 2009, akajirekodi macho mekundu, kilio cha kwikwi. Chini yake kaandika kwamba mbwa wana utu kuliko binadamu. Mioyo ikamiminika, komenti zikafurika. Haikupita muda kanunua mbwa wa kizungu mwenye manyoya marefu, kamvalisha kofia, kampiga picha kitandani.

Na leo? Mbwa kapotea kwenye ukurasa. Yupo nyuma ya nyumba, kwenye mnyororo mfupi juani, analishwa na mlinzi. Na staa huyu hayuko peke yake, mjini wapo kibao.

Wengine watasema kosa ni la staa, filamu haina hatia. Sio kweli. Filamu nyingi za mbwa zimejengwa kwa namna ambayo inamzaa staa wa aina hii. Zinapima uaminifu wa upande mmoja tu. Mbwa ndiye anayesubiri, ndiye anayeokoa mtoto, ndiye anayetembea kutoka Scotland hadi Yorkshire kurudi kwa wenyewe, kama Lassie kwenye filamu ya mwaka 1943. Binadamu kazi yake ni kupendwa. Mtazamaji anainuka kwenye kochi kalia vya kutosha, anajiona ana roho nzuri, na hakuna aliyemuuliza yeye atamfanyia nini huyo mbwa.

Chukua kisa cha Hachi mwenyewe, maana ni cha kweli. Hachiko alizaliwa Japani mwaka 1923. Bwana wake, Hidesaburo Ueno, alikuwa profesa wa kilimo pale Tokyo. Profesa akafariki ghafla Mei 1925, na mbwa akaendelea kwenda kumngoja stesheni ya Shibuya hadi alipokufa Machi 8, 1935. Karibu miaka kumi! Hapo ndipo watu wanapotoa machozi.

Sasa sikia sehemu ambayo haiwekwi kwenye klipu. Kwa miaka mingi pale stesheni Hachiko alionekana mbwa msumbufu tu. Alifukuzwa, alipigwa, watoto walimchora usoni kwa mzaha. Mapenzi yalianza mwaka 1932, gazeti lilipoandika habari zake. Ghafla kila mtu akawa rafiki yake wa siku nyingi. Mwaka 1934 akazinduliwa sanamu, na mwenyewe akiwepo palepale. Mwaka uliofuata akakutwa amekufa barabarani. Mwili wake ulihifadhiwa, na mwaka 2011 wanasayansi wakatangaza kwamba alikuwa na saratani ya moyo na mapafu, pamoja na minyoo ya moyo.

Kwa maneno mengine, yaleyale ya mjini. Mbwa yuleyule, stesheni ileile, ila kabla ya gazeti ni wa kupigwa, na baada ya gazeti ni wa kupiga naye picha.

Filamu ya Marekani ilifanya nini na habari hiyo? Ilikihamishia kisa kwenye mji mdogo wa Marekani, ambako watu wa stesheni wana huruma na muuza soseji anampa Hachi chakula. Vipigo vimefutwa. Mtazamaji kaondolewa kioo ambacho angejiona, kapewa kitambaa cha kufutia machozi.

Halafu kuna mtu mmoja ambaye karibu hakuna anayemlilia. Baada ya profesa kufariki, mtunza bustani wake wa zamani ndiye aliyempokea Hachiko nyumbani kwake. Mbwa alikuwa anaondoka kwenda stesheni na kurudi, na bakuli lilikuwa linamngoja. Miaka yote hiyo ya kusubiri kuna mtu alikuwa anatoa chakula kila siku bila gazeti na bila sanamu. Huo nao ni uaminifu, na ni wa binadamu. Lakini hauuzi tiketi.

Wasioamini kwamba filamu zina nguvu hii waangalie takwimu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulilinganisha filamu za mbwa na idadi ya mbwa waliosajiliwa Marekani. Ukakuta kwamba filamu moja inaweza kupandisha umaarufu wa aina fulani ya mbwa kwa hadi miaka 10. Baada ya The Shaggy Dog ya mwaka 1959, usajili wa mbwa wa aina ile ulipanda mara 100. Mbwa ananunuliwa kama kiatu cha msimu, wakati anaishi miaka kumi na zaidi, na kiatu hakihitaji chakula.

Mashabiki watajibu kwamba ni burudani tu, mbona makali hivyo, na watoto wanajifunza huruma. Sawa, basi watoto waanze na Marley & Me ya mwaka 2008. Marley anatafuna fanicha, anafukuzwa kwenye mafunzo, anaichosha familia mpaka inagombana. Kisha anazeeka, tumbo linajisokota, na wenyewe wanabaki naye hadi sindano ya mwisho. Pale binadamu ndiye anayefanyiwa mtihani. Hata hiyo ni mbwa wa sinema, ila angalau inaonyesha gharama.

Na gharama huku kwetu sio mchezo. Kichaa cha mbwa bado kinaua watu Tanzania na Kenya, na karibu visa vyote vya binadamu vinatoka kwa mbwa. Dalili zikishaanza, kupona ni karibu haiwezekani. Miongoni mwa wanaoumwa wamo watoto wengi, wale wale wanaopita getini kwa staa wakienda shule. Kinga ipo: chanjo ya mbwa. Mbwa asiyechanjwa akikata mnyororo siku moja, yale machozi ya kwenye klipu hayamsaidii mtoto wa jirani.

Asiyefuga mbwa kwa sababu ya dini yake, au kwa sababu anaishi chumba kimoja cha kupanga, hana deni na mtu. Huyo ni mstaarabu kuliko anayenunua ili apate kiki. Mwenye deni ni yule aliyesema hadharani kwamba mbwa ana utu kuliko binadamu, kisha akamwachia mlinzi huo utu.

Kwa hiyo mastaa waendelee kulia, hakuna anayewakataza. Ila klipu ijayo ya machozi ianze na kadi ya chanjo yenye tarehe ya mwaka huu, ifuate bakuli la maji kivulini, na mwisho litajwe jina la kijana anayemlisha huyo mbwa kila jioni. Hapo ndipo komenti zifunguliwe.