MAONI: Bunia inajenga, msitu wa Ituri unalipa

Mkaaji wa Ngezi, mjini Bunia, akitoka nje asubuhi haoni msitu. Anaona nyasi, vilima na mikaratusi iliyopandwa na watu. Hii ni nchi ya savana. Lakini mbao nyingi za mapaa ya mji zimepita Komanda zikitoka Mambasa, kwenye msitu wa mvua.

Maeneo haya mawili hayafanani. Savana ikiungua, mvua za kwanza huotesha nyasi mpya. Msitu wa mvua sivyo: rutuba yake imo ndani ya miti na majani yanayooza chini yake. Ukifyekwa, udongo huchoka baada ya misimu michache.

Na hazipotei mbao tu. Okapi, ambaye leo haishi porini katika nchi nyingine yoyote isipokuwa Kongo, hula majani ya kivulini. Hifadhi yake, yenye makao Epulu, iliundwa mwaka 1992, ikaingia Urithi wa Dunia mwaka 1996, na tangu 1997 imo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Juni 2012 waasi waliishambulia Epulu, wakaua watu na okapi 14.

Kulaumu bunduki peke yake ni rahisi. Soko la mbao liko mjini. Serikali ya jimbo ikague vibali barabarani, tena isaidie wakaaji kupanda miti ya ujenzi na makala kandokando ya Bunia. Mkaratusi hukatwa baada ya miaka michache. Mti wa mbau wa msituni husubiri vizazi.