Kompyuta Iliyochorwa Ubaoni

Liko somo ambalo vyuo vingi vya mji wetu wa Goma hulitoa katika mwaka wa kwanza, awe mwanafunzi amejiandikisha katika sheria, uchumi, afya au kilimo. Ni somo la programu za ofisi, lile tunaloliita birotiki. Halina adui, na hiyo ndiyo bahati mbaya yake, kwa maana hakuna anayeona haja ya kulitetea. Mwalimu hupewa saa chache, naye huzimaliza haraka. Mwanafunzi hununua silabusi, hukariri majina ya vitufe, hupata 16 kwa 20, na kusahau yote kabla ya matokeo kubandikwa ukutani.

Nalalamikia jambo moja mahususi: desturi ya kufundisha kompyuta kwa chaki. Mwalimu huchora dirisha la Word ubaoni, huonyesha kwa fimbo mahali pa kuhifadhi na mahali pa kuchapa, na vijana mia mbili hunakili mchoro huo daftarini. Siku ya mtihani huulizwa: eleza maana ya lahajedwali, taja sehemu tano za dirisha. Hakuna anayeulizwa kujumlisha chochote. Kijana huyo akifika kesho katika ofisi ya shirika la misaada au kituo cha afya, akapewa orodha ya majina 800 na kuambiwa aipange kwa vijiji na kuhesabu watoto walio chini ya miaka mitano, atatoka jasho. Aliyemjaza karatasi ya maksi alijua tangu mwanzo kwamba hawezi.

Najua utetezi unaotolewa. Tumezimiwa umeme, tumepigwa vita, tumeunguzwa na Nyiragongo mwaka 2002 na tena Mei 2021. Na Januari 2025 mapigano yalipoingia mjini, hata maji na intaneti vilikatika. Yote ni kweli, na mwenye kuyapuuza haishi hapa. Lakini haki itendeke pande zote. Kituo cha Matebe kule Rutshuru kilizinduliwa mwaka 2015, na mwaka 2020 kampuni ya Nuru iliwasha hapa Goma mtambo wa jua wenye megawati 1.3. Vinyozi, wasaga unga na wenye vibanda vya fotokopi wamepata njia ya kufanya kazi katika mji huu huu, wakati mwingine kwa betri moja na paneli moja. Inawezekanaje mwenye kibanda aweze, na chuo kinachopokea ada ya maelfu ya wanafunzi kishindwe kuwasha kompyuta kumi kwa zamu?

Kuna kejeli chungu katika desturi hii. Lahajedwali yenyewe ilizaliwa kutokana na kuchoshwa na ubao. Mwaka 1978, Dan Bricklin, aliyekuwa mwanafunzi wa biashara kule Harvard, alimwona profesa wake akiandika hesabu ndefu ubaoni. Kila tarakimu moja ilipobadilika, ilibidi kufuta na kuandika upya nyingine nyingi. Bricklin akawaza juu ya ubao ambao ungejihesabu wenyewe. Yeye na rafiki yake Bob Frankston wakatengeneza VisiCalc, iliyoanza kuuzwa mwaka 1979. Excel ikafuata mwaka 1985. Basi chombo kilichobuniwa ili kumwondolea mwanadamu adha ya chaki, sisi tumekirudisha kwenye chaki. Tumefundisha mchoro wa chombo na kukiacha chombo.

Wengine watasema: hayo ni mambo ya makarani, chuo kikuu kiko kwa ajili ya fikra kubwa. Wasikilize kisa hiki. Mwaka 2010 wanauchumi wawili, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa andiko lililodai kwamba nchi ikizidisha deni lake juu ya asilimia 90 ya pato lake, ukuaji wa uchumi huporomoka. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani walilishika andiko hilo kama fimbo walipotaka kupunguza matumizi ya serikali. Kisha Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, akapewa zoezi la darasani la kurudia hesabu za andiko fulani mashuhuri. Akachagua hilo, hesabu zikakataa kulingana. Akaomba faili lenyewe, akalifungua, akaona kwamba kanuni ya wastani ilishika safu za nchi 15 badala ya 20. Nchi tano, Ubelgiji na Kanada zikiwemo, zilikuwa zimeachwa nje. Hilo halikuwa kosa pekee alilolikosoa, lakini ndilo lililowashangaza watu, na mwaka 2013 maprofesa wenyewe walilikiri, ingawa waliendelea kutetea hitimisho lao. Herndon hakuwa na cheo. Alijua kufungua jedwali na kusoma kanuni iliyofichwa nyuma ya tarakimu, basi. Je, 16 kwa 20 yetu ya ubaoni ingemwezesha?

Na Uingereza, mwaka 2020, karibu majina 16,000 ya watu waliogunduliwa kuwa na Korona yalipotea kwa siku kadhaa katika takwimu za taifa. Faili lilihifadhiwa katika umbo la zamani la Excel lisiloweza kubeba zaidi ya safu 65,536. Zilizozidi zilikatwa kimyakimya. Maelfu ya watu waliokuwa wamekaribiana na wagonjwa hao hawakuarifiwa kwa wakati.

Sasa turudi nyumbani, kwa kuwa hapa ndipo penye uzito. Mji wetu umeishi kwa orodha. Orodha za wakimbizi wa vita Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya. Orodha za mahema, za unga, za chanjo, za watoto waliopotezana na wazazi. Safu moja ikifutika, mama mmoja anasimama kwenye foleni tangu asubuhi na kuambiwa jioni kwamba jina lake halimo. Safu moja ikiongezwa kwa hila, mfuko wa unga unakwenda sokoni. Aliyeketi mbele ya kompyuta ile ni kijana kama ninyi, na huenda alipita katika somo lilelile la chaki. Basi tukisema birotiki ni somo dogo, tunamsema yule mama.

Bado kuna hila mahali ambapo kuna ujuzi, hilo sikatai. Mwenyeheri Floribert Bwana Chui, kijana wa mji huu, alikuwa mfanyakazi wa ofisi, katika idara ya kukagua bidhaa mpakani. Aliuawa Julai 2007, akiwa na miaka 26, kwa sababu alikataa rushwa ili chakula kilichooza kisipite. Uaminifu wa namna hiyo haufundishwi na Excel. Lakini hata mwaminifu asiyejua kusoma jedwali atatia sahihi chini ya udanganyifu wa mwingine, naye hatajua.

Nisiwalaumu walimu peke yao. Tembeeni Birere mwezi ambao kazi za mwisho wa masomo zinatakiwa, mtazame vibanda vya kuchapa. Mwanafunzi analeta daftari, mchapaji anaandika, anapanga kurasa, anatengeneza yaliyomo, na mara nyingine, kwa nyongeza ya faranga, anatafuta pia sura ya pili katika flashi ya mteja wa mwaka jana. Kulipia kuchapa si dhambi. Lakini yupi hapo anastahili digrii? Mchapaji, ambaye pengine hakumaliza sekondari, ndiye pekee katika mtaa mzima aliyelielewa somo.

Wala isisemwe kwamba programu ni ghali, kwa hiyo tuibe nakala au tuache kabisa. LibreOffice hutolewa bure, tena kihalali, na hufanya kazi kwenye mashine kuukuu. Tangu mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwisha kutoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice. Miaka zaidi ya ishirini baadaye, sisi bado tunakariri majina ya vitufe kwa Kifaransa bila kuvigusa.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 mabenki ya Goma yalipofunga milango, fedha za familia nyingi zilibaki katika simu na katika madaftari ya vikundi vya akiba, vile tunavyoviita AVEC. Hapo pana mazoezi ya kweli kuliko silabusi yoyote: wanachama 25, michango ya kila juma, mikopo, riba, mgao wa mwisho wa mwaka. Kikundi cha vijana chenye kompyuta moja ya kuazima kinaweza kuanza Jumamosi hii, kikawahesabia mama zao mgao bila kupoteza hata faranga mia.

Na kwa chuo, lipo swali la kuuliza siku ya kujiandikisha, kabla ya kulipa, kwa adabu yote inayompasa mwalimu: mtihani wa birotiki utafanyikia mbele ya mashine, au juu ya karatasi?