Mtu wa kambi haulizi maswali

Na Rajabu Mkwizu

Zikivuma tetesi kwamba mabosi wa Simba au Yanga hawaivi, fika kijiwe chochote cha kahawa Kariakoo. Mtu anatua kikombe, anatoa simu, anawasikilizisha wenzake sauti ya mtu asiyejulikana: bodi imepasuka, kuna mkubwa anaondoka. Hakuna anayeuliza nani kasema. Wanaulizana tu: wewe uko upande wa nani?

Kuamini tetesi si kosa kubwa. Lisemwalo lipo, kama halipo laja, na klabu zetu zimewafundisha watu hivyo. Mgogoro wa Yanga katikati ya miaka ya 1970 ulizaa klabu ya Pan African, wachezaji mahiri wakaondoka. Baadaye tukawa na kambi za Yanga Kampuni na Yanga Asili. Kule Msimbazi, kwa Simba, minong'ono ya Juni 2024 iliishia kwa Salim Abdallah 'Try Again' kujiuzulu uenyekiti wa bodi, na mwekezaji Mohammed Dewji 'Mo' akarudi kwenye kiti alichokiacha mwaka 2021. Baadhi ya wanachama wakataka Murtaza Mangungu, mwenyekiti waliyemchagua wao, naye aachie ngazi. Hakuachia.

Tatizo ni kwamba ubishi wote ule ulikuwa wa majina: Mo au Mangungu. Mfumo wenyewe haukuguswa. Mabadiliko ya umiliki yaliyoridhiwa na wanachama yana hesabu inayojulikana: mwekezaji asilimia 49 kwa Sh20 bilioni, wanachama asilimia 51. Meza moja, wakubwa wawili. Mmoja kaingia kwa kura, mwingine kwa fedha. Hata ukiweka malaika pale, watavutana. Basi tuulize: mchakato umefikia wapi? Usajili, neno la mwisho ni la nani? Hao wawili wakigoma kukubaliana, katiba inasemaje?

Maswali hayo mtu wa kambi hana. Timu ikifungwa, kwake ni hujuma za upande ule. Ikishinda, ni jeuri ya mtu wake. Mshambuliaji akikosa bao la wazi, watu hawasemi mguu umemsaliti, wanauliza nani alimleta. Tumewageuza wachezaji kuwa karata za turufu katika ugomvi usiowahusu.

Viongozi nao wanajua utamu wa kambi, ndiyo maana wananyamaza. Klabu hizi zina wasemaji wenye tambo za wiki nzima kuelekea mechi ya watani. Suala likiwa la bodi, inatoka taarifa ya mistari mitatu usiku, ikiwataka wanachama watulie. Watulie kwa lipi? Semeni kikao kimekaa au hakijakaa, kimeamua nini, na mkutano mkuu ni lini. Ukweli mchungu utakera siku mbili. Ukimya unawapa wazushi msimu mzima.

Lakini tusiwasubiri. Matawi yapo, na kadi tunalipia. Ajenda ipelekwe kwa maandishi kabla ya mkutano mkuu, hesabu zisomwe, watu wahoji. Na kiongozi akija tawini kutafuta kura, abanwe hadharani, hata kama ni yule tunayempenda. Hasa yule tunayempenda.