Mnacheka Watoto wa Ngamia, Lakini Kemia Iko Kwa Maziwa Yao

Kila matokeo ya KCSE yakitoka, lazima kuwe na mtu wa kuandika ati watoto wa Garissa hawawezi sayansi. “Hao ni watu wa ngamia, kemia wataijulia wapi?” Sawa wasee, tuanze na huyo ngamia.

Maziwa yake yana sukari inaitwa laktosi. Molekuli moja ina kaboni 12, hidrojeni 22 na oksijeni 11. Ni sukari mbili ndogo, glukosi na galaktosi, zimeshikana. Sasa nyanya akiyaacha maziwa siku moja au mbili kwenye chombo alichokifukiza moshi, bakteria wanaivunja hiyo laktosi kwa kutumia maji, halafu wanaigeuza kuwa asidi ya laktiki. Ndiyo ule ukali unausikia kwa ulimi. Laktosi moja na maji molekuli moja inaweza kutoa asidi nne. Kila asidi ina kaboni 3. Nne mara tatu? 12. Hakuna kaboni imepotea njiani. Hiyo ndiyo suusac.

Na mbona suusac haigandi nzito kama mala ya ng’ombe? Kwa sababu kaseini, protini kuu ya maziwa, imejipanga tofauti kwa ngamia, kwa hivyo inashikana kilegevu. Wanga, protini, asidi: mada nzima iko ndani ya mtungi mmoja sokoni.

Kwa hivyo shida si kichwa cha mtoto. Uliza nani amesimama mbele ya darasa lake. Januari 2020, walimu watatu waliuawa Kamuthe, hapa Garissa. Baada ya hapo TSC ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji. Silaumu mwalimu aliyeondoka. Uhai ni uhai. Lakini mtoto aliyeachwa bila mwalimu wa kemia anafanya mtihani uleule na mtoto wa Nairobi, kisha mnamuita mjinga. Walahi hiyo si haki.

Na hii si mambo ya gredi tu. Huku kuna bruselosi, na inaambukizwa pia kwa maziwa mabichi. Kuna watu wanaamini maziwa yakishachacha, vijidudu vyote vimekufa. Zii. Asidi peke yake haikupi uhakika. Joto ndilo linaharibu protini za kijidudu mpaka kife. Chemsha kwanza, ndipo uchachushe. Msichana akifundishwa hivyo darasani, jioni nyumba nzima inapona.

Ninachotaka ni rahisi. Vijana wa huku wasomeshwe ualimu wa sayansi na waajiriwe huku, si kwa kandarasi za kubahatisha. Na vitabu viache kutufundisha laktosi kama kitu cha sayari nyingine, na tunaikunywa kila asubuhi.

Mpaka hapo, kabla ucheke mtoto wa ngamia, funga kitabu uandike mlinganyo wa suusac. Tunakungoja.